Sayansi na Sanaa ni Chanda na Pete

Katika ratiba za shule zetu nyingi za msingi, kipindi cha sayansi huwekwa asubuhi, wakati akili za watoto zingali na nguvu. Kipindi cha sanaa huachwa mpaka mwisho wa siku, jua likiwa kali na matumbo yakiwa matupu. Mtihani unapokaribia, kipindi hicho huwa cha kwanza kutolewa sadaka: mwalimu wa hisabati hukiomba, mwalimu wa sanaa hukitoa, na wala hapana anayeona kuwa watoto wamenyang'anywa kitu. Mwanachuo aendaye mazoezi ya kufundisha huiona desturi hiyo, huizoea, na mwishowe huirithi.

Nyuma ya desturi hiyo imejificha imani kwamba sayansi ni kazi ya akili na sanaa ni burudani ya mikono, na kwamba mambo hayo mawili hayana undugu. Makala haya yanakusudia kuipinga imani hiyo. Nashikilia kwamba sanaa ya kila zama, na hasa sanaa ya zama zetu, imejengwa juu ya maarifa ya sayansi na ufundi. Kwamba ushahidi wa jambo hilo umo humu humu Karagwe na Kyerwa. Na kwamba mwalimu anayeyatenganisha masomo haya huyadhoofisha yote mawili. Sisemi hivyo kwa kuwa nimesoma vitabuni tu. Mimi mwenyewe niliwahi kuyatenganisha, na aliyelipa gharama ni mtoto.

KOSA LANGU

Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kufundisha, katika shule iliyozungukwa na migomba pande zote. Siku moja, nikisahihisha madaftari ya sayansi ya darasa la nne, nilikuta daftari ambalo kurasa zake tatu za nyuma zilikuwa na mistari ya rangi ya kahawia, mfano wa madoa ya chai. Nilipotazama vizuri niliona kuwa ni ng'ombe: ng'ombe watatu wa pembe ndefu, wameinamisha vichwa kama wanaokunywa maji. Nikamwita mwenye daftari na kumwuliza amelichafua kwa kitu gani. Akajibu kwa sauti ya chini, "Kwa utomvu wa mgomba, mwalimu. Ukichora hauonekani. Ukilala ukaamka, unaonekana."

Nilimwamuru azichane zile kurasa mbele ya wenzake na aje kesho yake na mzazi pamoja na daftari jipya. Mama yake alikuja asubuhi na mapema, daftari mkononi, akaniamkia kwa heshima ambayo sikuistahili, na kuniomba radhi kwa niaba ya mwanawe. Nilizipokea radhi zile.

Juma lile lile nilikuwa ninafundisha somo la hewa. Niliandika ubaoni kuwa hewa ina oksijeni, na kwamba oksijeni huweza kubadilisha vitu inavyokutana navyo. Watoto wakanakili. Nikauliza kama yuko awezaye kutoa mfano wa kitu kinachobadilika kikikaa hewani. Darasa lote likanyamaza. Na yule mtoto naye akanyamaza.

Ilinichukua miaka kutambua kilichotokea katika kimya kile. Utomvu wa mgomba, utokapo tu, hauna rangi nzito. Lakini ndani yake mna vitu ambavyo, vikikutana na oksijeni, hugeuka kuwa vya kahawia na kushikamana na nyuzi za karatasi au nguo. Ndiyo sababu doa la mgomba halitoki katika shati. Ndiyo sababu pia mama zetu, wakisha kumenya ndizi, huzitia majini upesi zisiwe nyeusi: maji huzizuia zisikutane na hewa. Mtoto yule alikuwa amelivumbua jambo hilo kwa macho yake, akalipima usiku kucha, kisha akalitumia kutengenezea picha. Mfano niliokuwa nikiutafuta katika kipindi cha sayansi nilikuwa nimekwisha kuuchana katika daftari. Muda wote uliosalia wa mwaka ule mtoto huyo hakuchora tena shuleni, na wala hakuuliza tena swali katika sayansi. Nilidhani nimemfundisha usafi.

MHUNZI WA KARAGWE ALIJUA NINI?

Kosa langu lilikuwa la kutojua, na kutojua kwenyewe kulianzia kwa kuisahau historia ya mahali nilipokuwa nikifundisha. Maana katika nchi hii ya Karagwe, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa wilaya moja na Kyerwa, picha ya ng'ombe wa pembe ndefu ilikuwa tangu zamani kazi ya sayansi.

Makao ya watawala wa Karagwe yalikuwa Bweranyange. Waingereza Speke na Grant walifika kwa Omukama Rumanyika mwezi Novemba 1861. Stanley naye alifika mwaka 1876, na katika kitabu chake alieleza nyumba ya hazina ya mtawala huyo, iliyokuwa na sanamu za ndege na za ng'ombe zilizofanywa kwa shaba, pamoja na mikuki ya ufundi wa kustaajabisha. Miongoni mwa vitu vya heshima vya watawala hao walikuwamo pia ng'ombe wa chuma, wenye pembe ndefu zilizopinda kwa ulaini kana kwamba chuma kilikuwa udongo mbichi. Mapokeo humtaja Ndagara, baba yake Rumanyika, kuwa alihusika na uhunzi huo. Na wataalamu waliochimbua mambo ya kale katika eneo la Bweranyange wamekuta mabaki ya kazi ya chuma ardhini.

Mara nyingi, tukitaja vitu hivyo darasani, tunavitaja katika somo la historia, tena kwa haraka, kama mali ya mfalme. Ningependa mwalimu aulize swali jingine: kabla mhunzi hajaipinda hata pembe moja, ilimpasa ajue nini?

Kwanza, ilimpasa aujue udongo na mawe, atambue lipi lina chuma cha kutosha na lipi litamla makaa bure. Pili, ilimpasa aijue miti, kwa maana si kila mti hutoa makaa ya kuhimili kazi hiyo. Tatu, ilimpasa aijue hewa. Chuma katika mawe hakikai peke yake. Kimefungamana na oksijeni. Makaa yakiungua kwa hewa inayosukumwa na mivukuto hutoa gesi ambayo hunyang'anya oksijeni kutoka katika jiwe na kukiacha chuma. Hewa ikiwa kidogo, joto halitoshi. Ikizidi na makaa yakiwa haba, kazi huharibika. Mhunzi hakuwa na neno "oksijeni", lakini mikono yake iliijua tabia yake.

Tusidhani kuwa maarifa hayo yalikuwa ya kubahatisha. Mwaka 1976, kwa majirani zetu Wahaya wa pwani ya Ziwa Victoria, wazee walioijua kazi hiyo tangu ujana wao walijenga tena tanuri la kuyeyushia mawe ya chuma mbele ya watafiti. Mwaka 1978 mwanaakiolojia Peter Schmidt na mtaalamu wa metali Donald Avery waliandika habari zake katika jarida la Marekani liitwalo Science. Walieleza jinsi wazee walivyolijaza shimo la tanuri majani ya kinamasi yaliyounguzwa, na jinsi mabomba ya udongo ya kupitishia hewa yalivyoingizwa ndani kabisa ya tanuri, hata hewa ikapata moto kabla haijayafikia makaa. Walieleza pia kwamba joto mbele ya mabomba hayo lilipita digrii 1,800 za sentigredi, na kwamba ufundi wa namna hiyo ulikuwako katika nchi hiyo zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Wataalamu wengine walibisha juu ya jambo la hewa kupata moto ndani ya mabomba, na ubishi huo ni mzuri kwa mwalimu: unawaonyesha wanafunzi kwamba tanuri la babu zao ni jambo linalostahili hoja za wataalamu wa dunia.

Chuma kikisha kupatikana, bado kilikuwa si ng'ombe. Hapo ndipo lilipohitajika jicho. Chuma chenye moto kidogo huwa chekundu cha giza. Kikizidi huwa chekundu cha kung'aa, kisha rangi ya chungwa, kisha njano. Kila rangi ina kazi yake. Anayetaka kuvuta pembe nyembamba na ndefu ni lazima apige nyundo rangi ingali ile inayofaa. Akichelewa, chuma hupasuka. Kwa hiyo rangi, ambayo sisi tunaidhania kuwa habari ya sanaa, ilikuwa kwa mhunzi kipimo cha joto. Jicho la msanii na jicho la mwanasayansi lilikuwa jicho moja katika kichwa kimoja.

Ufundi ule wa kuyeyusha ulikoma katika karne ya ishirini. Majembe na vyuma kutoka viwanda vya mbali vilipouzwa kwa bei nafuu, hapakuwa na sababu ya kukata miti na kuvukuta kutwa nzima. Wahunzi waliobaki waligeukia vyuma chakavu. Tunaona basi kuwa teknolojia ile ile inayoizaa sanaa huweza pia kuizika. Lakini haikuzika yote. Leo, fundi anayechomelea mageti kwa umeme huko Kayanga au Nkwenda hupinda nondo ziwe maua, majani ya migomba na mara nyingine ndege. Cheche ya mashine yake ina joto lipitalo digrii 3,000, naye huunganisha kwa nukta chache kile ambacho mhunzi wa Bweranyange angekifanyia kazi siku nzima. Wangapi kati yetu wamewahi kuwapeleka wanafunzi wakamwulize fundi huyo kwa nini huvaa kioo cheusi machoni, na kwa nini huchora ua lake sakafuni kwa chaki kabla ya kulipinda?

RANGI ILIYOTOKA KATIKA DAWA YA MALARIA

Yaliyo kweli kwa chuma ni kweli kwa rangi. Nitatoa mifano mitatu, miwili ya mbali na mmoja wa hapa Tanzania.

Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 huko London, William Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwini, dawa ya malaria, kwa njia ya kikemia. Hakuipata. Badala yake alipata takataka nyeusi katika chombo chake, na alipoiosha ilitoa rangi ya zambarau ambayo haikutoka katika hariri. Hiyo ndiyo iliyokuwa mwanzo wa viwanda vya rangi za kikemia. Rangi za unga zinazouzwa sokoni, zile ambazo akina mama huchemshia ukindu na nyuzi ili wasuke vikapu vyenye mistari ya zambarau, kijani na waridi, ni vitukuu vya ajali ile. Sisi wa Kagera, ambao malaria ni mgeni wetu asiyehitaji kukaribishwa, tunayo sababu ya kuikumbuka habari hii: mtu alitafuta dawa ya homa, akapata rangi ya kikapu.

Kabla ya hapo, mwaka 1841, Mmarekani John Goffe Rand alibuni kopo dogo la bati laini la kuhifadhia rangi ya mafuta, mfano wa kopo la dawa ya meno. Zamani mchoraji alisaga rangi zake nyumbani na kuzitia katika kibofu cha mnyama, na zikikauka amepata hasara. Kopo lile lilimwezesha kubeba rangi zake mpaka kando ya mto na kuchora mwanga wa jua ukiwa bado unacheza majini. Wachoraji wa Ufaransa waliojulikana baadaye kwa kuchora mwanga namna hiyo walilitegemea mno kopo hilo. Mwanachuo wa Kyerwa na alitazame kopo hilo kwa macho mengine, maana bati ni madini ambayo wachimbaji wa wilaya yake wamekuwa wakiyatoa ardhini kwa miongo mingi.

Mfano wa tatu ni Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kufariki Dar es Salaam mwaka 1972. Alipoanza kuchora, karibu na mwaka 1968, hakuwa na rangi za wasanii wa Ulaya wala vitambaa vyao. Alichukua vipande vya ubao laini wa kiwandani, unaotumiwa kutengenezea dari, akachukua na rangi za kopo zinazopakwa baiskeli. Vitu hivyo vya viwanda ndivyo vilivyoipa kazi yake sura yake. Rangi ya baiskeli hung'aa, huteleza chini ya brashi, na ikikauka haifutiki kwa maji. Kwa hiyo humfaa mtu anayechora chui kwa madoadoa yaliyo wazi juu ya rangi moja tupu. Rangi hiyo haikauki kwa kukaushwa na jua tu, bali huvuta oksijeni ya hewani na kugeuka ngozi ngumu. Hapa msomaji atakumbuka utomvu wa mgomba. Tingatinga na mwanafunzi wangu walikuwa wakifanya kazi na hewa ile ile. Tofauti ni kwamba Tingatinga hakuwa na mwalimu wa kumchania ubao wake.

JE, MITAMBO HUUA SANAA?

Wako watakaosema: hayo yalikuwa zamani, leo mtoto hushika simu ya baba yake, akaona picha elfu moja kwa saa moja, na wala hana haja ya kuchora. Tena ziko programu za kompyuta ambazo mtu huziamuru kwa maneno, nazo zikamtolea picha kamili. Sanaa itabaki kufanya nini?

Hofu hiyo si ya kupuuzwa, ila si mpya. Upigaji picha ulipotangazwa Ufaransa mwaka 1839, wachoraji wengi waliokuwa wakiishi kwa kuchora sura za watu walipoteza kazi. Wengine, hata hivyo, walisema: kama mashine yaweza kuonyesha sura ilivyo, basi sisi tuonyeshe yale ambayo mashine haiyaoni. Sehemu kubwa ya sanaa ya kisasa ilizaliwa katika jibu hilo. Mashine iliua kazi, ikazaa swali.

Jirani zetu ng'ambo ya Mto Kagera wanatoa somo jingine. Huko Nyakarambi, wilaya ya Kirehe nchini Rwanda, akina mama hutengeneza picha za mistari na pembe ziitwazo imigongo kwa kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, kisha huzipaka rangi nyeusi, nyeupe na nyekundu. Zamani zilikuwa mapambo ya kuta za ndani ya nyumba. Leo hutengenezwa juu ya vipande vya mbao, husafirishwa mbali, na baadhi ya mafundi hutumia rangi za dukani pamoja na zile za asili. Ubao na rangi ya kopo havikuiua sanaa hiyo. Viliipa miguu ya kusafiria, kwa sababu mikono iliyovipokea ilikuwa bado inajua majivu yana kazi gani.

Maoni yangu basi ni haya: mashine yenyewe haiui sanaa. Kinachoiua ni kunakili bila kuuliza. Na katika jambo hilo sisi walimu tusiilaumu simu kabla ya kujilaumu wenyewe. Kabla simu haijafika kijijini, sisi tulikwisha kuchora ubaoni ua moja ndani ya chungu kimoja, tukawaambia watoto 60 walinakili, na tukampa alama nyingi yule ambaye ua lake lilifanana na letu. Ubao wetu ulikuwa mashine ya kunakili tangu hapo.

Hata simu, ikitumiwa kwa maswali, yaweza kuwa kitabu. Ndani yake vipande vidogo vya umeme vimeshikamanishwa kwa risasi ya kulehemu, ambayo kiungo chake kikubwa ni bati. Mtoto wa Kyerwa anayeangalia picha katika simu ana haki ya kuambiwa kuwa madini ya aina ile ile inayochimbwa katika wilaya yake ndiyo yanayoiwezesha picha hiyo kumfikia.

LA KUFANYA DARASANI

Maoni bila kazi ni debe tupu. Nashauri mambo yafuatayo kwa mwanachuo anayejiandaa kwa mazoezi ya kufundisha.

(1) Anza na udongo. Waambie wanafunzi walete udongo wa rangi mbalimbali kutoka makwao: mwekundu, wa njano, mweupe, mweusi wa kinamasi. Waukaushe, wausage, na kuuchekecha kwa kitambaa. Wauchanganye na uji mwepesi wa muhogo ili ushike karatasi. Hapo watakuwa na rangi za kuchorea zisizogharimu senti. Kisha waweke udongo wa njano juu ya kigae, na kigae juu ya makaa ya moto. Baada ya muda udongo mwingi wa namna hiyo utageuka mwekundu. Waulize kwa nini. Udongo wa njano una chuma kilichofungamana na oksijeni na maji. Moto huyafukuza maji, na rangi hubadilika. Chuma hicho ni cha jamii ile ile ambayo mhunzi wa Bweranyange aliitafuta katika mawe. Kwa kipindi kimoja umefundisha rangi, mabadiliko ya kikemia na historia ya wilaya.

(2) Tumia utomvu wa mgomba. Wanafunzi wachore leo, kila mmoja aandike anatazamia nini, kisha watazame kesho. Kundi moja lifunike picha zake vizuri kwa karatasi ya nailoni mara tu baada ya kuchora, kundi jingine liache wazi. Walinganishe. Jambo hilo ni jaribio kamili la sayansi, lenye dhana, ulinganifu na hitimisho, na matokeo yake ni picha. Waonye wavae nguo za kazi, maana doa halitoki.

(3) Alika fundi. Mhunzi, mfinyanzi, msusi wa vikapu au fundi wa kuchomelea aje shuleni, au wanafunzi waende kwake kwa ruhusa. Usimwalike aje kuonyesha tu. Waandae wanafunzi na maswali: umejuaje kuwa chuma kiko tayari? Chungu chako hupasuka kwa sababu gani? Kwa nini hutii chumvi katika rangi, au hutii? Mzee ambaye hajawahi kukaa darasani atagundua kwamba anajua mambo ambayo mwalimu hajui, na wanafunzi watagundua hivyo pia. Mwalimu asione haya. Heshima yake haitapungua.

(4) Toa alama kwa sababu, si kwa kufanana. Kila kazi ya sanaa iambatane na sentensi mbili za mwanafunzi: nimetumia kitu gani, na kwa nini kimefanya hivi. Kazi iliyoharibika ikiwa na maelezo mazuri ya kwa nini imeharibika istahili alama nzuri.

(5) Linda afya. Usitumie unga mweusi wa betri kuukuu kwa kuchorea wala kwa kupaka ubao, kama ilivyokuwa desturi ya shule nyingi. Una kemikali zisizofaa mikononi na vifuani mwa watoto. Mkaa uliosagwa pamoja na majani mabichi hutosha. Rangi za mafuta zitumike nje, penye upepo. Na watoto wasiutazame mwanga wa kuchomelea kwa macho makavu, hata kwa nukta moja.

Najua pingamizi litakalokuja: muda hautoshi, madarasa yamejaa, na mtihani hauulizi utomvu wa mgomba. Kuhusu muda, mwalimu atazame upya orodha niliyoitoa: kipindi kimoja kimefanya kazi ya viwili. Kuhusu wingi wa wanafunzi, udongo wa Karagwe haujawahi kupungukia darasa lolote. Na kuhusu mtihani, mtoto aliyeona kwa macho yake oksijeni ikichora ng'ombe hatasahau oksijeni ni nini atakapoulizwa. Tangu mwaka 1967, tulipoitwa kufuata Elimu ya Kujitegemea, shule zetu nyingi zilishika jembe kwa bidii. Pale zilipopungukiwa, mara nyingi ilikuwa kwa sababu tuliifanya kazi ya mikono bila kuuliza kwa nini. Tusilirudie kosa hilo katika sanaa.

HITIMISHO

Nimesema kwamba sanaa ya kisasa ni mtoto wa maarifa ya vitu: chuma, rangi, mwanga, umeme. Nimesema pia kwamba teknolojia hutoa kwa mkono mmoja na kutwaa kwa mwingine, na kwamba anayejua jinsi kitu kinavyofanya kazi ndiye asiyenyang'anywa yote. Wahunzi wa Karagwe walinyang'anywa tanuri. Wajukuu wao wasinyang'anywe na maswali.

Kwa hiyo, ndugu mwanachuo, kabla hujaondoka chuoni fanya kazi hii ndogo. Utakaporudi nyumbani likizo ijayo, chukua makopo kumi, ukajaze udongo wa rangi kumi kutoka mashambani, kando ya barabara iliyokatwa mlimani, na bondeni kwenye kinamasi. Andika juu ya kila kopo mahali ulipoutoa. Siku ya kwanza ya mazoezi yako ya kufundisha, yaweke makopo hayo juu ya meza, mbele ya darasa, na usiseme neno mpaka mtoto mmoja aulize. Na ukikuta katika daftari lake la sayansi ng'ombe watatu wa rangi ya kahawia, usizichane zile kurasa. Mwulize ameifanyaje kazi hiyo, kisha mwombe aje mbele awaeleze wenzake.